Data za mlipuko: uziweke wazi, uzifungie masharti, au ukae nazo kwanza?

Swali hili lina mazoea ya kuja saa kumi na moja jioni, mtu akiwa keshafunga begi. Maabara imemaliza kusoma jenomu (vinasaba vyote vya kidudu) kumi na mbili za kipindupindu, orodha ya wagonjwa, ile tunayoiita laini listi, iko wazi kwenye Eksel, na mkuu wa mradi amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi: "Sasa hizi tunaziweka wapi?"

Nimeshughulika na data za utafiti hapa Kisumu muda wa kutosha kusikia majibu manne. Ziweke wazi leo hii. Ziweke mahali pa kujisajili. Mwenye kuzitaka aombe. Tulieni, makala itoke kwanza. Kila jibu lina watetezi wake, na si wajinga. Ulinganisho huu ni wa yule anayebaki na kompyuta mkuu akishaondoka: meneja wa data, mwanafunzi wa uzamili, afisa wa ufuatiliaji wa magonjwa wa kaunti ndogo ambaye simu yake haizimi wiki nzima.

Kwanza fungua faili lenyewe

Watu hubishana kuhusu "data" kana kwamba ni kitu kimoja. Tazama mstari mmoja tu wa laini listi, wa kubuni lakini wa kawaida kabisa: jina, namba ya simu, mwanamke, umri 67, kijiji, ufuo wa karibu, tarehe ya kuanza kuhara, chanzo cha maji ni ziwa, alihudhuria matanga ndiyo, matokeo amefariki. Sasa futa jina na namba ya simu. Umeficha nini? Kwenye kijiji cha boma arobaini, mama wa miaka 67 aliyefariki kwa kuhara wiki moja baada ya matanga ni mmoja tu, na kila anayeuza omena sokoni anamjua.

Lakini ukifuta na kijiji, na maji, na matanga, umebakiza nini cha maana? Uchunguzi wa mlipuko wa 1997 vijijini huku magharibi mwa Kenya ulikuta kipindupindu kikihusishwa na kunywa maji ya ziwa, kula pamoja na mtu anayehara, na karamu za matanga. Haya yalipatikana kwa sababu mtu aliuliza maswali hayo na kuyaandika.

Upande wa pili kuna jenomu. Soma herufi zote za bakteria wa kipindupindu, kama milioni nne hivi, na hutamkuta yule mama popote. Utakuta ukoo wa bakteria: ametokea wapi, ndugu zake wako nchi gani, anahimili dawa zipi. Ilikuwa kwa kulinganisha jenomu za nchi nyingi ndipo watafiti mwaka 2017 walionyesha kwamba kipindupindu cha janga la sasa kimeingizwa Afrika kutoka nje angalau mara 11 tangu 1970. Hilo hulioni ukiwa na sampuli za Nyanza peke yake.

Kwa hiyo mimi huligawa swali kabla ya kulijibu. Sichagui njia ya mradi mzima, nachagua njia ya kila jedwali. Ugomvi mwingi niliouona ofisini ulikuwa wa watu wawili, mmoja akifikiria jenomu, mwenzake akifikiria laini listi.

Vigezo vitano

Kasi: mwenzako wa Kampala au Kilifi ataziona baada ya siku ngapi. Sifa: aliyechukua choo cha mgonjwa saa nane usiku atatajwa wapi. Siri: je, mgonjwa anaweza kutambulika. Kazi: nani ataziandaa, na kwa intaneti ipi.

Cha tano nakiita lawama, na ndicho ambacho miongozo mingi iliyoandikwa mbali na ziwa hukipitia juu juu. Mwaka 1998 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku samaki wabichi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji kwa sababu ya kipindupindu. Wataalamu wa afya wa kimataifa walisema hatari ya kuambukizwa kupitia samaki hao ilikuwa ndogo mno, lakini mbuta aliyezoea kupanda ndege alikuwa keshakosa soko. Ukiwa kwenye ufuo wa Dunga au Usoma ukamwambia mvuvi mwenye umri wa kukumbuka kwamba "uwazi hauna madhara", atakutazama tu. Takwimu za ugonjwa zina anwani, na anwani hiyo ina watu wanaoishi kwa kuuza.

Njia ya kwanza: wazi kabisa

Kwa jenomu, hapa tunazungumzia ushirika wa maghala matatu: GenBank la Marekani, ENA la Ulaya na DDBJ la Japani. Hubadilishana data kila siku, kwa hiyo ukiweka kwenye moja umeweka kwenye yote, na msomaji hahitaji hata kujisajili. Kwa majedwali kuna Zenodo, ambalo hukupa namba ya kudumu ya kunukuliwa.

Kasi. Hakuna inayoishinda. Tarehe 11 Januari 2020 mwanasayansi Edward Holmes aliweka hadharani jenomu ya kirusi kipya cha korona kwa niaba ya mwenzake Zhang Yongzhen wa Shanghai. Siku mbili baadaye Shirika la Afya Duniani lilikuwa limechapisha itifaki ya kipimo kutoka Berlin. Kirusi chenyewe hakikuhitaji kusafirishwa kwenye barafu, herufi elfu thelathini zilitosha. Kenya ilipotangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 13 Machi, maabara zetu zilikuwa na cha kupimia.

Sifa. Dhaifu. Desturi njema inataka utajwe, lakini hakuna kinachomlazimisha mtu. Mwaka 2014 kikundi kilichofanya kazi na hospitali ya Kenema, Sierra Leone, kilitoa jenomu 99 za Ebola hadharani bila kungoja makala. Makala ilipochapishwa mwishoni mwa Agosti, watano kati ya walioiandika walikuwa wameshafariki kwa Ebola, akiwemo daktari Sheik Humarr Khan. Huwa naukumbuka mfano huu kwa sababu mbili. Unaonyesha kwamba watu wa Afrika walitoa data mapema, tena kwa bei ya juu kuliko wote. Na unaonyesha kwamba neno "sifa" si majivuno tu. Ukisahau kuandika nani alichukua sampuli, kuna watu ambao hawatapata nafasi nyingine ya kutajwa.

Siri. Nzuri kwa jenomu, kwa sharti moja: ukisoma kirusi moja kwa moja kutoka kwenye usaha au makohozi, data ghafi hubeba pia vinasaba vya mgonjwa. Vichujwe kabla ya kupakia. Bakteria aliyeoteshwa kwenye sahani ya maabara hana shida hiyo kwa kiasi kile. Kwa laini listi ya mtu mmoja mmoja, njia hii siitaki hata ukiniamsha usiku.

Lawama. Zhang aliona yake: siku moja baada ya jenomu kutoka, maabara yake iliamriwa kufungwa kwa "marekebisho". Ghala la wazi halikukingi na mwajiri wako, wala na nchi jirani.

Kazi. Fomu ni za Kiingereza, majedwali yana safu za lazima, na data ghafi hula gigabaiti. Pakia usiku.

Inamfaa aliye na jenomu safi, kibali kinachosema wazi kwamba data zitatolewa, na bosi aliyekubali kwa maandishi.

Njia ya pili: wazi kwa masharti

Hapa mlango uko wazi ila kuna askari getini anayekuuliza jina. GISAID, ghala la jenomu za virusi, lilianza 2008, na halikuzuka hewani. Mwaka mmoja na ushei kabla yake Indonesia ilikuwa imeacha kutoa sampuli za homa ya ndege ya H5N1, ilipobaini kwamba virusi vyake vinageuzwa chanjo ng'ambo ambayo Waindonesia wenyewe wasingeimudu. Malalamiko hayo yalizaa pia mfumo wa mafua ya janga uliopitishwa na Mkutano wa Afya Duniani 2011, unaofunga pamoja utoaji wa virusi na mgao wa faida. Mkataba wa majanga ya magonjwa uliopitishwa Mei 2025 ulirudi kwenye donda lile lile, na sehemu ya mgao ikaachwa ijadiliwe katika kiambatisho. Anayedhani tunaoshika data ni wachoyo tu hajaisoma historia hii.

Kasi. Inakaribia ya kwanza. Msomaji hujisajili kwa jina lake halisi, akikubaliwa anapakua. Shida huanza anapotaka kuzisambaza upya au kuziunganisha na programu yake: masharti yanakataza.

Sifa. Ndiyo bidhaa yao kuu. Anayetumia anaahidi kuitaja maabara iliyotoa sampuli na ile iliyoisoma, na kujitahidi kushirikiana nao. Ukweli wa mtaani ni kwamba kutajwa huko mara nyingi ni mstari mmoja kwenye jedwali la mistari maelfu, nyuma ya makala. Hiyo si kazi wala si cheo. Ila ni zaidi ya sifuri.

Ghala hili limelalamikiwa pia na watumiaji waliokatiwa huduma, na pia wanaosema uongozi wake haueleweki. Ndiyo sababu wengine walianzisha ghala jingine, Pathoplexus, mwezi wa Agosti 2024. Hapo mwenye data huchagua: ziwe wazi mara moja, au zionekane na wote lakini zisitumike kama kiini cha makala ya mtu mwingine bila ruhusa yake, kwa muda usiozidi mwaka mmoja. Muda ukiisha hufunguka zenyewe. Nakiri wazo hili limenikaa vizuri, kwa sababu linamjali mwanafunzi bila kumfungia daktari.

Siri. Sawa na njia ya kwanza. Kujisajili hakumfichi mgonjwa.

Lawama. Usijidanganye kwamba geti linazuia. Botswana na Afrika Kusini waliziweka jenomu za Omicron kwenye GISAID Novemba 2021. Afrika Kusini iliripoti tarehe 24, na tarehe 26 kirusi kikapewa jina. Uingereza ilikuwa imeshatangaza kusimamisha safari za ndege kutoka kusini mwa Afrika tarehe 25. Waliowahi kuona ndio waliowahi kufungiwa. Hii ni hadithi ya samaki wa 1998, ila safari hii abiria ndio waliokataliwa.

Kazi. Haizidi ya kwanza. Ila angalia kama mdudu wako anapokelewa: GISAID na Pathoplexus ni nyumba za virusi. Nimemwona mtu akipoteza alasiri nzima akitafuta mahali pa kuweka kipindupindu kwenye GISAID. Hapana. Mwenye bakteria arudi kwenye maghala ya njia ya kwanza, ambako anaweza kupanga tarehe ya mbele ya kufunguliwa.

Inafaa maabara changa inayojenga jina, na yeyote anayeshughulika na mafua, korona au mpox na ana makala inayoiva.

Njia ya tatu: mwenye kuzitaka aombe

Data hukaa kwenye taasisi. Kinachowekwa hadharani ni maelezo yake: tumekusanya nini, wapi, lini, safu zipi. Anayetaka huandika ombi, kamati hulisoma, mkataba husainiwa.

Siri. Hapa ndipo njia hii inapong'aa, kwa hiyo naanza nayo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu data za afya kuwa nyeti, na kuzitoa nje ya nchi kunadai ridhaa na hakikisho la ulinzi. Zaidi ya sheria, kuna akili ya kawaida. Kaya za Asembo na Gem kule Siaya zilianza kufuatiliwa 2001: nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki na kwa nini. Mkusanyiko kama huo ni hazina, na haufai kuanikwa kama dagaa.

Ramani nazo hutaka ujanja. Ule utafiti wa kitaifa wa demografia na afya husogeza nukta zake makusudi kabla ya kuzitoa: hadi kilomita 2 mjini, hadi 5 mashambani, na chache zaidi ya hapo. Kwa chanjo ya malaria hiyo haiharibu kitu. Kwa kipindupindu inaweza kuhamisha kisima kutoka mtaa wa Nyalenda hadi katikati ya ziwa. Hapo kamati ndiyo inayoweza kumpa mtafiti mmoja nukta halisi, kwa kiapo.

Kasi. Ndipo inapozama. Taasisi moja, nisiyoitaja, ilikaa na ombi letu miezi mitano. Barua ya kukubaliwa ilipofika, mlipuko ulikuwa umeisha, mahema yamekunjwa, na aliyeandika ombi amehamia kazi nyingine. Dawa yake ni kusaini mikataba wakati hakuna anayeumwa, na kuipa kamati saa 72 za kujibu mlipuko ukianza. Wachache hufanya hivyo.

Sifa. Imara, kwa sababu imeandikwa kwenye mkataba. Unaweza hata kudai mwanafunzi wako afundishwe uchambuzi.

Lawama. Ngao nzuri, na ndiyo hatari yake pia: kamati inayoogopa gavana au soko la samaki inaweza kuita woga wake "faragha".

Kazi. Kubwa. Kamati ni watu, na watu huenda likizo.

Njia ya nne: makala itoke kwanza

Watu huitaja kwa kunong'ona, lakini ndiyo inayofuatwa zaidi. Tuitendee haki. Mwanafunzi aliyelala maabara miaka miwili ana shahada inayotegemea data hizo. Mtu wa chuo chenye kompyuta kubwa na waandishi watano anaweza kuzipakua Ijumaa na kuwa na rasimu Jumatatu. Na kukawia hutoa muda wa kusahihisha: nimeona sampuli mbili zilizobadilishana vibandiko zikiishi kwenye faili wiki sita kabla ya mtu kushtuka.

Mipaka yake ni miwili. Kwanza, hapa unachokawiza ni data za utafiti tu, king'ora hakikawizwi. Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005 zinaitaka nchi itoe taarifa ndani ya saa 24 baada ya kutathmini kwamba tukio linaweza kuwa dharura ya kimataifa, na kaunti ina wajibu wake kabla ya hapo. Pili, ile hofu ya zamani kwamba jarida litakukataa ukishatoa data imepungua nguvu. Tangu Zika mwaka 2016, na tena korona 2020, majarida makubwa yalitia saini kwamba kutoa data mapema wakati wa dharura hakutamharibia mtu nafasi ya kuchapisha.

Na usitegemee mno kwamba kusubiri huleta ukweli. Ni kweli, 31 Januari 2020 rasimu moja ambayo haijahakikiwa ilidai kirusi cha korona kina vipande vya HIV, ikaondolewa siku chache baadaye kwa kelele za wasomaji. Lakini Mei 2020 jarida la Lancet lilichapisha makala ya haidroksiklorokwini iliyopita kwa wahakiki, data zake hazikuonekana na mtu, Shirika la Afya Duniani likasimamisha sehemu ya majaribio yake, kisha makala ikafutwa tarehe 4 Juni. Rasimu ile mbovu ilikamatwa upesi kwa sababu jenomu za kuilinganisha zilikuwa wazi.

Kwa vigezo vilivyobaki: siri iko salama, lawama hucheleweshwa wala haiondoki, na kazi ni ile ile, unaisogeza mbele tu. Inamfaa aliye na data za mlipuko uliokwisha, au utafiti ambao hakuna mgonjwa wa leo anayeungoja.

Ukiwa katika hali hii

Una jenomu za mpox za madereva waliopimwa Busia au Malaba. Ugonjwa huu unafuata lori, na mgonjwa wa kwanza wa Kenya, Julai 2024, aligunduliwa Taveta akiwa safarini kutoka Uganda kwenda Rwanda. Maabara za nchi tatu zinahitaji kuuona mnyororo mmoja. Njia ya kwanza au ya pili, ndani ya siku, baada ya kuchuja vinasaba vya mgonjwa. Mahali pa sampuli andika kaunti. Jina la kampuni ya lori halihusiki.

Una kipindupindu kilichooteshwa maabara. Maghala ya wazi, pamoja na matokeo ya dawa kinazohimili, kwa sababu anayemtibu mgonjwa Migori anahitaji safu hiyo kuliko mti wa ukoo.

Una laini listi ya mistari arobaini. Njia ya tatu, bila mjadala. Hadharani toa jumla kwa kaunti ndogo na kwa wiki, na penye chini ya watano usiandike idadi kamili. Na tafadhali, isiende kwenye kundi la WhatsApp. Nilipata moja hivyo mwaka fulani, ikiwa na majina yote, kundi lina watu 180, na aliyeituma alikuwa na nia njema kabisa.

Wewe ni mwanafunzi na mlipuko bado unawaka. Njia ya pili kama ni kirusi, ukichagua muda wa zuio. Kama ni bakteria, toa jenomu mapema, weka rasimu yako hadharani wiki hiyo hiyo ili tarehe ikuhesabie, na ubaki na data za mahojiano kwa ajili ya tasnifu.

Mshirika wa ng'ambo anataka sampuli zenyewe. Hapo hujafika hata kwenye swali la ghala. Mkataba wa sampuli, kibali cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), kamati ya maadili, na kifungu kinachosema nani ataandika makala ya kwanza. Soma kifungu hicho mara mbili.

Wewe ni afisa wa kaunti, na simu imeanza kulia kutoka ufuoni. Peleka taarifa juu kwanza. Kisha, kabla jedwali halijaenda hadharani, piga simu kwa kamati ya ufuo uwaambie kitakachoandikwa, hasa kuhusu samaki: kwamba aliyepikwa vizuri haleti kipindupindu. Sentensi hiyo iingie kwenye taarifa yenyewe, juu, kabla ya idadi.